Ampea mbili saa sita mchana: paneli imekufa au betri haina njaa?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Karatu, nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser hardtop nimeigeuza gari la kulala, napeleka nayo wageni porini. Juu kuna hema na paneli mbili za wati 150, ndani betri mbili za AGM (za asidi zilizofungwa, haziongezwi maji) za 100Ah nimeziunga pamoja, kontrola (kifaa cha kusimamia chaji) ni aina ya PWM ya ampea 30, friji ya kompresa lita 40. Shida yangu, ikifika saa nne asubuhi kontrola inasoma 14.4 na ampea zinashuka mpaka 2, na saa sita jua la utosi bado ni 2 hiyohiyo. Afu usiku saa tisa friji inazima. Jamaa kaniambia paneli ni feki nitupe nitafute zingine. Nitajuaje kama paneli inachaji vizuri?"

Marahaba mwanangu. Kwanza usitupe kitu, na huyo jamaa mwambie atulie. Namba ulizonipa zenyewe zinaongea na mi nikizisoma hivi hazinioneshi paneli mbovu, ila ntakuonesha jinsi ya kupima ili uone kwa macho yako, maana mambo ya sola watu wengi wanapima kitu kimoja tu afu wanatoa hukumu.

Sikiliza hapa. Ampea unazoziona kwenye kontrola sio uwezo wa paneli, ni kile ambacho betri imekubali kupokea dakika hiyo. Betri ikiwa na njaa inakula chote paneli inacholeta, ikikaribia kushiba kontrola inaanza kubana, volti inazishikilia pale 14.4 na ampea zinateremka zenyewe, 10, 6, 3, mpaka 2 au 1. Hiyo sio kasoro, ndo kazi yake. Kwa hiyo volti na ampea zisomwe pamoja siku zote. Ampea kidogo na volti ziko juu, 14 na kitu, maana yake mlaji ndo kakataa chakula. Ampea kidogo na volti ziko chini, tuseme 12.7 saa sita mchana kweupe, hapo mpishi ndo hajaleta, yaani paneli, waya, kivuli au kontrola. Wewe uko kwenye hali ya kwanza. 14.4 na ampea 2, betri imekataa.

Sasa swali linageuka, kwa nini inakataa saa nne asubuhi wakati friji ilizima saa tisa usiku? Tupige hesabu kidogo. Betri zako mbili jumla ni 200Ah, yaani ampea mara masaa, AGM hatupendi ishuke chini ya nusu, kwa hiyo kama kweli zilikuwa zimeishiwa basi pana pengo la kama 100Ah la kujaza. Jua linatoka saa kumi na mbili na nusu, mpaka saa nne ni masaa matatu na nusu tena ya jua la pembeni ambalo paneli iliyolala juu ya gari halipati vizuri. Hata paneli ziwe nzima kabisa hapo utaingiza labda 20Ah, 25 ukiwa na bahati. Mia haiwezi kuingia kwenye masaa hayo, haipo hiyo. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili, aidha betri hazikushuka kabisa na friji ilizima kwa sababu zake nyingine, au betri zimekufa ndani zimebaki na tumbo dogo, linajaa haraka na kuisha haraka. Ndoo ikishajaa mchanga, maji kidogo tu inamwagika.

Kutofautisha hayo mawili ni kazi ya dakika mbili ila itabidi uamke usiku. Friji ikizima tu, chukua multimita, pima juu ya vichwa vya betri vyenyewe, sio kwenye kontrola wala kwenye soketi. Ukikuta 12.3 au 12.4 wakati friji inalia kuwa haina umeme, betri hazina kosa lolote, tatizo ni waya wa kwenda kwenye friji. Ukikuta 11.5 kushuka chini, betri ndo zimeishiwa kweli na tutazizungumza. Fanya hilo kwanza kabla hujagusa paneli, nakuomba.

Hilo la waya usilidharau. Nimeona magari mengi ya safari friji imechomekwa kwenye soketi ya sigara nyuma kwa kiwaya cha mm 1.5 za mraba, mita sita kwenda na mita sita kurudi. Waya huo una kama miliomu 12 kila mita, mita 12 ni 0.145, friji ikivuta ampea 5 unapoteza volti 0.7 njiani, na kompresa ikitaka kuwaka inavuta zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Betri ina 12.3, friji inaona 11.6 au chini yake, nayo ina ulinzi wake wa kukata umeme ili gari liwake asubuhi, inakata. Friji nyingi hizo za kompresa zina ngazi tatu za huo ulinzi, angalia yako isije ikawa imewekwa ya juu kabisa, hiyo ni ya kulinda betri ya injini na wewe una betri za pembeni kwa hiyo weka ya kati. Na waya weka mm 6 moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake karibu na betri, achana na soketi ya sigara, zile zinalegea kwenye rafu road.

Haya, tuje kwenye swali lako la paneli maana ndo ulichouliza.

Vifaa: multimita yoyote yenye tundu la 10A, na ukiweza klampu mita, ila kuwa makini, klampu nyingi za bei rahisi zinapima umeme wa nyumbani tu, ile ya AC, kwenye waya wa betri zinasoma sifuri na mtu anasema sola haichaji. Tafuta yenye alama ya DC upande wa ampea. Hiyo unabana tu waya, hukati kitu. Na daftari, usitegemee kichwa.

Siku moja kabla, gari lisiwashwe. Hili watu wanasahau, wanaendesha toka Arusha mpaka geti la Lodoare la kuingia Ngorongoro, altaneta imeshajaza betri, afu wanafika kambini wanaangalia sola wanakuta ampea 1 wanalalamika. Kama una chaja ya umeme wa ukutani ichomoe. Acha friji, feni na taa zile umeme usiku mzima ili asubuhi betri ziwe na njaa, kwenye 12.2 au 12.3 hivi baada ya kupumzika kidogo. Zisishuke chini ya 12.0.

Angalia pia kama una ile rilei, swichi inayojifunga yenyewe, ya kuunganisha betri ya injini na za pembeni. Kuna aina inayofanya kazi pande zote mbili, sola ikipandisha volti kama 13.3 inajifunga na kuanza kulisha betri ya injini pia. Wala sio mbaya, ila siku ya kupima itakuchanganya kwa sababu ampea zinagawanyika. Iondoe fyuzi yake kwa siku hiyo.

Asubuhi futa paneli kwa maji na kitambaa laini mapema kabla hazijapata moto. Vumbi la Serengeti, kutoka Naabi Hill kwenda Seronera, linakaa juu ya kioo kama unga wa kusaga, na unaweza usilione kwa sababu uko chini, panda juu upitishe kidole.

Kipimo chenyewe kifanye kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu mchana, anga jeupe, gari sehemu tambarare, hakuna mti. Hapo nasisitiza hakuna mti, maana dereva wa safari akipaki anatafuta mgunga, ni akili ya kawaida, wageni wanataka kivuli na friji inataka kivuli lakini paneli inataka jua. Na kivuli sio lazima kiwe kikubwa. Paneli ya seli 36 ndani imegawanywa kawaida vipande viwili na dayodi mbili, vijifaa vinavyoupitisha umeme pembeni ya upande wenye kivuli, kivuli cha bomba la kerea kikiangukia seli chache za upande mmoja, huo upande wote unakaa pembeni, volti zinabaki nusu, na nusu ya volti 18 haiwezi kusukuma betri ya 12. Kwa hiyo kivuli cha upana wa mkono kinaweza kukutolea paneli nzima. Nilishaletewa gari, mwenye nalo keshabadilisha kontrola mara mbili, kumbe jeki ile ndefu ameifunga ubavuni mwa kerea imesimama kama mlingoti na kuanzia saa nne mpaka saa saba kivuli chake kinatembea juu ya paneli moja baada ya nyingine. Tukaishusha jeki. Wewe una hema la juu, hebu angalia likifunguliwa linaangukia wapi, kuna mahema yakikunjuliwa yanalala juu ya paneli kabisa na mtu anashangaa mbona kambini haichaji.

Sasa soma volti na ampea. Saa hiyo ya mchana betri zikiwa zimeshaanza kukaza, fanya ujanja huu, washa pampu ya matairi, ile unayojazia upepo ukitoka mchangani, ichukue umeme kwenye hizo betri za pembeni. Inavuta ampea 20 au zaidi. Volti zinaporomoka chini ya 14.4, kontrola inaona betri ina njaa tena, inafungua bomba lote, na palepale ampea za sola zinaruka. Namba utakayoiona hapo ndo uwezo wa paneli zako saa hiyo. Usiiwashe dakika kumi, mbili zinatosha.

Utegemee nini? Paneli ya wati 150 ya seli 36 nyuma imeandikwa kama volti 18 na ampea 8.3, mbili zikiungwa sambamba ni 16.6. Hizo ni namba za maabara, jua la wati 1000 kwa mita mraba na seli zenye nyuzijoto 25, sasa juu ya bati la gari mchana seli zinafika 60 bila shida. PWM kazi yake ni kuunganisha paneli na betri moja kwa moja kama swichi inayofunga na kufungua, kwa hiyo unachopata ni ampea za paneli, volti za ziada zinapotea. Ukiona 12 mpaka 15, paneli zako ni nzima, nenda kanywe chai. Ukiona 6 au 7, moja haifanyi kazi, iwe imekufa au kiungio chake kimelegea. Ukiona bado 2 na pampu inanguruma na volti zimeshuka 12.5, hapo sawa, jamaa yako alikuwa na hoja, tuendelee kupanda juu.

Juu kwenye paneli, kila moja peke yake. Kwanza ifunike na turubai au blanketi zito, khanga haitoshi inapitisha mwanga, afu ndo uchomoe viungio. Umeme wa DC ukichomoa ukiwa na mzigo unapiga cheche na haikatiki kirahisi kama ya ukutani. Na kwenye kontrola kumbuka mpangilio, ukitoa anza na paneli umalizie na betri, ukirudisha anza na betri. Ukiacha paneli kwenye kontrola isiyo na betri unaweza kuiunguza, zile za bei rahisi hasa.

Fungua turubai, pima volti kwenye nyaya za paneli bila kuunga kitu. Kibandiko kitakuwa kimeandika kama 22, kwenye joto utaona 19 mpaka 21, ni sawa. Ukiona kama 10 hivi, nusu, dayodi moja ndani ya kile kiboksi cha nyuma imepiga shoti. Sasa, mafundi wengi wanaishia hapa. Wanaona volti 20 wanasema paneli nzima, lete hela ya ufundi. Volti hazithibitishi chochote peke yake! Paneli chafu, iliyochoka, hata asubuhi saa moja na mwanga hafifu itakupa 19. Volti zinakuja na mwanga kidogo tu, ampea ndo zinafuata jua.

Kwa hiyo ampea. Funika tena, mita ihamishie tundu la 10A, unga waya wa chanya na hasi za paneli moja kwa moja kwenye mita, fungua turubai. Ndiyo, unaipiga shoti, paneli haiharibiki, imetengenezwa hivyo, kinachozunguka ni ampea zake tu. Kibandiko kitasema kama 8.8 au 8.9, ukipata 7 mpaka 8.5 furahi. Moja moja tu, mbili pamoja zitakata fyuzi ya mita, na siku yenye mawingu yanayopitapita usifanye, kingo za wingu jeupe zinarudisha mwanga na ampea zinaruka ghafla kupita hata za kibandiko. Ukimaliza RUDISHA waya mwekundu kwenye tundu la volti. Nimepiga kelele kwa sababu ukisahau, kipimo kinachofuata utagusa vichwa vya betri na mita iliyo kwenye ampea, hiyo ni shoti ya betri, na betri sio paneli, itayeyusha waya wa mita mkononi mwako.

Suala la feki. Kuna njia ya kujua hata kabla ya mita, tumia futi. Seli nzuri za sasa zinatoa kama wati 200 kwa mita mraba moja, ukitaka kuwa mkarimu sema 220. Pima urefu mara upana, zidisha na 200. Ya wati 150 halali inatakiwa iwe kwenye robo tatu ya mita mraba kwenda juu, zile za zamani zinafika karibu mita moja nzima. Niliwahi kuletewa paneli ya kukunja imeandikwa 300W kwa wino mzuri, sentimita 120 kwa 54. Piga hesabu mwenyewe, ni 0.65 ya mita mraba, hata jua lishuke likae juu ya kerea haitoki zaidi ya 140. Mwenye nayo aliniangalia kama mi ndo nimeiba hizo wati zingine.

Paneli zikipita mtihani na bado ampea hazifiki chini, fuata waya. Hapa kuna kipimo nakipenda kuliko vyote na watu hawakitumii. Sola ikiwa inachaji kwa nguvu, weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya chanya ya betri pale kwenye kontrola, na ncha ya pili kwenye kichwa cha chanya cha betri yenyewe. Chanya kwa chanya. Mita itakusomea volti zinazopotea katikati. Fanya tena hasi kwa hasi, jumlisha. Chini ya 0.2 ni safi. Kontrola ikiwa mita tatu kutoka kwenye betri na umetumia waya wa mm 2.5, ampea 14 zinakula volti 0.6 jumla, maana yake kontrola inaona 14.4 inajisemea wameshiba, inaanza kubana, kumbe kwenye betri imefika 13.8. Betri za AGM zikiishi miezi hivyo bila kufikishwa 14.4 yake kwa masaa ya kutosha, zinaota ugumu ndani, ile salfeti, na tumbo linapungua taratibu. Mi nahisi ndo safari yako ilivyokuwa. Sogeza kontrola karibu na betri, nusu mita ikiwezekana, na waya wa mm 6 au 10. Huko upande wa paneli kwenda kontrola waya ukiwa mwembamba kidogo una nafuu, huku hapana.

Na gusa viungio kwa mkono. Barabara yenye mawimbi inalegeza kila kitu, nati za vichwa vya betri, viungio vya juu, kishikio cha fyuzi. Kinachopata moto ndo kinachokula umeme wako. Na hapa nikiri, miaka ya nyuma nilimuuzia mteja paneli mpya nikaamini ya zamani imekufa, wiki ijayo karudi na tatizo lilelile, nikaja kukuta kishikio cha fyuzi kimeyeyuka ndani, nje kinang'aa. Paneli yake ya zamani ilikuwa nzima, nikairudisha juu pamoja na mpya, hela sikumdai. Tangu siku hiyo nagusa kwanza.

Kontrola nayo kioo chake kinadanganya wakati mwingine, linganisha na klampu mara moja ujue inapunja au inazidisha kiasi gani, halafu uizoee. Na hakikisha umeichagulia aina sahihi ya betri, ikiwa imewekwa kwenye jeli au lithiamu wakati una AGM volti zake haziendani.

Watakuambia nunua MPPT, kontrola ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Ni kitu kizuri lakini kwa paneli zako za volti 18 na joto letu haitakubadilishia maisha, seli zikiwa na moto volti zenyewe zinashuka kama 15 na nusu, 16, ziada ya kugeuza kuwa ampea ni ndogo, labda asilimia kumi au kumi na tano. Ila kama kuna siku utapandisha paneli ya nyumbani, zile kubwa za volti 31, 37, hapo MPPT ni lazima, PWM itatupa zaidi ya nusu ya ulicholipia. Nimeona mtu kafanya hivyo na paneli ya wati 400 halafu anajisifia.

Kama una ndugu Ujerumani au Uingereza mwenye motohomu, kipimo ni kilekile ila namba zisimtishe. Disemba kule jua linapita pembeni chini na siku ni fupi, paneli iliyolala juu ya paa inaleta makombo hata ikiwa mpya, apime Juni ndo atajua ukweli. Na friji zao nyingi ni zile za gesi zinazokubali pia volti 12, hizo kwenye volti 12 zinavuta ampea 10 na zaidi bila kupumzika, asiilishe kwa sola kabisa, aiache kwenye gesi. Akiwa na lithiamu, kupima volti hakumsaidii maana zinakaa 13.2, 13.3 karibu safari nzima, anahitaji kihesabio kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, na chini ya nyuzi sifuri lithiamu haichajiwi.

Turudi kwako, betri. Zitenganishe, hilo ni muhimu, kwa sababu zikiwa zimeungwa moja iliyokufa inamnyonya mwenzake usiku kucha na mita inakuonesha wastani wa mgonjwa na mzima. Zijaze zote, ziache zipumzike masaa manne matano bila kitu, AGM nzima isome 12.8 hivi. Inayosoma 12.4 baada ya kujazwa umeshaipata. Zikilingana, chukua taa ya mbele ya gari, H4 ile ya wati 55, iunge kwenye betri moja, inavuta kama ampea 4.5. Iache masaa matano, ni kama 22Ah. Betri ya 100 iliyo nzima itakuwa bado iko juu ya 12 taa ikiwa inawaka, ukizima ikapumzika inarudi 12.5 na kitu. Iliyochoka itafika 11.8 ndani ya saa moja au mawili, hapohapo zima andika muda. Saa moja na nusu mara 4.5 ni karibu 7Ah, hiyo ndo betri yako sasa, 7 sio 100. Fanya kwa ya pili. Zikiwa zote mbili zimekufa nunua mbili zinazofanana siku moja, usichanganye mpya na kuukuu.

Afu ujue matumizi yako. Friji ya lita 40 ya kompresa kwa siku inakula kama 25 mpaka 45Ah, inategemea joto na wageni wanafungua mara ngapi kutafuta maji baridi, na wanafungua sana. Paneli zako zikiwa nzima, gari likiwa juani siku nzima, zinaweza kukuletea 50 mpaka 70 siku nzuri, zaidi kidogo kiangazi kikali. Kwa hiyo hesabu inatoka, huhitaji paneli ya tatu. Ila ukilala kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mwezi wa saba, ukungu mpaka saa nne au tano na baridi ya kule juu ambayo betri nazo hazipendi, hiyo siku haitoki, washa injini au punguza friji usiku, soda hazitaharibika.

Anza na kile cha saa tisa usiku. Uniandikie volti za kwenye vichwa vya betri friji inapozima, za kwenye soketi ya friji muda huohuo, ampea za sola pampu ikiwa inawaka saa sita, na urefu wa waya wako toka kontrola mpaka betri pamoja na unene wake. Na kabla ya yote hayo, kama hema lina kifuniko kinachopigwa na upepo, kifunge vizuri, kisije kikakaa juu ya paneli ukanipa namba za uongo.